Dawa ya Presha au Dawa ya Sonona? Kichwa Changu Kimeonja Zote Mbili

Swali ninaloulizwa mara nyingi kwenye ofisi ya walimu halihusu kemia, ingawa ndilo somo ninalofundisha. Ni hili: "Mwalimu, kati ya zile dawa zako mbili za kichwa, ipi kali?"

Namwelewa anayeuliza. Huku kwetu dawa hupimwa kwa ukali. Panadol ikishindwa unapanda kwenye diklofenaki, diklofenaki ikishindwa unatafuta sindano, na sindano nayo ikigoma watu wanaanza kuulizana umegombana na nani mtaani. Kwa hesabu hiyo, mtu akisikia nilianza na propranololi (ile ya presha) kisha nikahamia amitriptilini (ile ya sonona), anajua nimepanda ngazi: ya kwanza ilikuwa nyepesi, ya pili ndiyo kiboko. Sivyo kabisa. Nimetumia zote mbili, kila moja kwa muda wa kutosha kuijua tabia yake, na swali la ukali sijaliona jibu lake. Lenye jibu ni jingine: wewe unayemeza ni nani? Unaishi wapi, unafanya kazi gani, usiku unalala vipi, kifua chako kikoje, na nyumbani kwako kuna nani wa kusoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi.

Nianze na kichwa chenyewe, maana vichwa haviumi kwa namna moja. Changu ni kipandauso, tena kile kinachopiga hodi kabla ya kuingia. Kwenye kona ya jicho kinatokea kijimstari chenye meno ya msumeno, kinametameta, kinapanuka polepole mpaka kinameza nusu ya ubao. Nimewahi kuandika mlinganyo nikawa nauona upande wa kushoto tu, wa kulia haupo. Darasa likadhani nimewaachia wamalizie wenyewe, na kijana mmoja wa mbele akanyoosha mkono kutoa jibu. Nusu saa hivi baadaye mstari unaondoka na maumivu yanashika zamu, upande mmoja wa kichwa, yakigonga pamoja na mapigo ya moyo. Mwanga unachoma. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa jikoni inakuwa adhabu. Natapika. Shambulio la namna hii likiachwa bila dawa huweza kukaa saa 4 mpaka 72, na anayesema "pumzika kidogo tu" hajawahi kulipata.

Ule mstari wa msumeno una maelezo yake. Ni wimbi la umeme linalotambaa juu ya ubongo kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika, na linapopita sehemu inayoshughulika na kuona, ndipo unapoona visivyokuwepo. Nilipolisoma hilo nilifurahi kupita kiasi. Kumbe nina kitu cha kupimika! Kwa miaka mingi kabla ya hapo kila nilipofika zahanati na kichwa changu nilitobolewa kidole kutafutwa malaria. Isipokuwa malaria ni taifodi. Isipokuwa taifodi ni macho, na miwani nikapewa. Sisi tuko Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Malaria haikosekani, lakini haiwezi kuwa nyingi kama kule chini Mombo na Korogwe. Nimemeza dawa mseto za mbu ambao sikuwahi kukutana nao.

Aliyenitoa huko ni daktari mmoja kijana ambaye siku ya kwanza hakunipima damu hata tone. Aliuliza maswali. Mama yako anaumwa kichwa? Kinakuja karibu na hedhi? Ukiumwa unataka giza? Halafu akauliza lile ambalo sasa namuuliza kila mwalimu mwenye droo iliyojaa vidonge: kwa mwezi mmoja, ni siku ngapi unameza dawa ya maumivu? Dawa za kawaida kama parasetamoli na ibuprofeni, ukizimeza siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, zinaweza zenyewe kukuletea kichwa cha kila siku. Kwa zile za mchanganyiko, za ergotamini, za jamii ya sumatriptani (dawa za kuzima kipandauso kikishaanza) na zenye afyuni ndani yake, mpaka ni siku 10. Unameza kwa sababu kinauma, kinauma kwa sababu unameza. Ofisini kwetu taarifa hii imepokelewa kama kejeli.

Kwa hiyo ikabidi kuwe na dawa ya aina nyingine: si ya kuzima moto, bali ya kufanya moto usiwake mara kwa mara. Hizi humezwa kila siku, uumwe usiumwe. Hapo ndipo watu wengi wanapoachana nazo, kwa kuwa kumeza kidonge siku ambayo u mzima kunahitaji imani. Na hazijibu wiki ile ile. Unaipa dawa wiki nane kwenye dozi inayofaa ndipo uihukumu, na hukumu hutoka kwenye daftari, maana kumbukumbu inadanganya. Mimi nilichukua kauntabuku, nikachora safu: tarehe, kimeanza saa ngapi, upande gani, nimemeza nini, nimekosa vipindi vingapi. Mkuu wa shule alipoliona siku moja alidhani ni la mahudhurio ya mtu mwingine.

Sasa propranololi. Karatasi ya kwenye boksi lake inaanza na shinikizo la damu, inakwenda kwenye maumivu ya kifua na mapigo yasiyo sawa, na huko chini ndipo inapotaja kipandauso. Mama alisoma mstari wa kwanza akaishia hapo. "Mwanangu, presha umeipata lini, na mbona hukuniambia?" Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema dawa ya presha ukishaianza huiachi mpaka unaingia kaburini. Nilitaka kubishana, lakini kuna nusu ya ukweli pale. Haifungwi milele, wengi huipunguza baada ya miezi sita mpaka mwaka wakaona hali. Ila huachi ghafla. Moyo uliokaa muda mrefu ukikingwa dhidi ya adrenalini, ile homoni inayoukimbiza, huwa umejiongezea vipokezi, yaani vituo vya kuipokea. Ukiondoa kinga siku moja, mapigo yanapanda, presha inapanda, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Inashushwa hatua kwa hatua, kwa maelekezo ya daktari.

Historia yake naipenda. James Black, Mskoti, alikuwa akitafuta namna ya kuupunguzia moyo kazi. Wengine walikuwa wanawaza kuupelekea oksijeni zaidi. Yeye akawaza kuufanya uhitaji oksijeni kidogo. Mwaka 1964, akiwa kampuni ya ICI huko Uingereza, propranololi ikatangazwa, na mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Kichwa hakikuwa kwenye mpango wao hata kidogo. Mwaka 1966 watafiti waliokuwa wakiipima kwa wagonjwa wa maumivu ya kifua ndio walioona kwamba mmoja wao, aliyekuwa na kipandauso pia, kichwa kimemtulia. Yaani sisi tulidandia. Na hadi leo hakuna maelezo moja yanayokubalika na wote ya jinsi inavyokizuia. Kinachojulikana ni kwamba inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inavuka kuingia kwenye ubongo kwa urahisi. Kwa wanafunzi wangu wa kidato cha sita huwa naongeza kwamba kidonge kina aina mbili za molekuli, moja ni taswira ya mwenzake kwenye kioo, na ni moja tu kati yake inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia vipokezi. Wanaandika haraka wakidhani itatoka kwenye mtihani.

Nilianzishiwa miligramu 20 asubuhi na jioni, ikapandishwa hadi 40 mara mbili. Ilifanya kazi. Kwenye daftari mashambulizi yalipungua kwa nusu hivi, na yaliyobaki yalikuwa na adabu. Lakini Lushoto si mahali pa kunyweshwa propranololi mwezi wa saba. Dawa hii inapunguza damu inayofika kwenye vidole, na hapa kwetu baridi ya mwezi wa saba inakufanya ushike chaki kwa glavu hata bila dawa. Mikono ilikuwa barafu. Kisha ule mlima wa kwenda shuleni: nimeupanda tangu naajiriwa nikiwa napiga soga, mara nikawa nasimama katikati, miguu imejaa mchanga, moyo unakataa kuongeza mwendo. Nikipima mapigo nimekaa, nakuta hamsini na kitu. Daktari akasema ndivyo inavyofanya kazi, moyo umewekewa breki, ilimradi huzimii wala huoni kizunguzungu. Na ndoto! Hakuna aliyenionya kuhusu ndoto. Nililala nikaota ndoto ndefu, za rangi, zenye watu waliokufa wakinidai madaftari yao yaliyosahihishwa. Hilo nalo linajulikana kwa dawa hii.

Ina fadhila nyingine isiyoandikwa kwenye boksi. Kwenye mahafali nilisimama kutoa hotuba mbele ya mkuu wa wilaya na wazazi, na mkono ulioshika karatasi haukutetemeka hata kidogo. Wanamuziki na wasemaji wa huko ng'ambo wanaijua sana siri hiyo. Kwenye michezo ya kulenga shabaha imepigwa marufuku: Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili za Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 baada ya kukutwa na propranololi. Kumbe bastola na hotuba ya mahafali ni ndugu.

Kuna watu ambao dawa hii kwao ni mlango uliofungwa. Dada yangu aliyeolewa Tanga mjini ana kipandauso kama mimi (kwetu ni urithi, mama anacho, bibi alikuwa nacho), lakini ana pumu tangu utoto. Propranololi haichagui, inazuia vipokezi vya moyo na vya kwenye njia za hewa kwa pamoja. Mwenye pumu akiimeza, kifua kinaweza kubana mpaka kile kipulizio chake kisifue dafu, kwa sababu vipokezi ambavyo kipulizio kinavitegemea vimekaliwa. Dada alipoziona zangu akaniomba "hata karatasi moja nijaribu". Nilizitia mfukoni tukiwa tunaongea. Shangazi naye anachoma insulini; kwake tatizo ni jingine: sukari ikishuka sana, mtu huhisi moyo unakimbia na mikono inatetemeka, ndiyo kengele ya kukimbilia soda. Propranololi inaizima kengele hiyo, ikabaki jasho tu. Hiyo siyo dawa ya kugawiana kwenye foleni ya daladala.

Sikuhamishwa kwa sababu ilishindwa. Nilihamishwa kwa sababu ya kichwa cha pili. Kati ya shambulio na shambulio nilikuwa na maumivu mengine, ya pande zote, yanayobana kuanzia shingoni kama kilemba kilichofungwa na mtu mwenye hasira, hasa majuma ya kusahihisha mitihani. Hayo ni maumivu ya mkazo, na kwa hayo propranololi haina msaada wa maana. Halafu usingizi wangu ulikuwa mbovu. Daktari akatazama kauntabuku, akageuza kurasa, akasema: "Mwalimu, wewe una viwili." Nimekuja kusoma baadaye kwamba huko Houston, Marekani, daktari Ninan Mathew alichapisha mwaka 1981 utafiti wa kulinganisha dawa hizi hizi: kwa wenye kipandauso kitupu propranololi ilifanya vizuri zaidi, na kwa wenye kipandauso kilichochanganyika na maumivu ya mkazo, amitriptilini ikaongoza. Utafiti wa zamani, ndiyo, lakini ulinieleza mimi kuliko watu wengi walionijua.

Amitriptilini ni mzee mwenzake. Marekani iliidhinishwa mwaka 1961 kutibu sonona. Kwenye ubongo inazuia serotonini na noradrenalini, kemikali za kupeleka ujumbe, zisirudishwe haraka zilikotoka, kwa hiyo zinakaa muda mrefu zaidi zikifanya kazi, na njia za maumivu zinapunguziwa sauti. Kwa sonona hutolewa miligramu 75 mpaka 150 kwa siku. Kwa kichwa mimi nilianza na 10, kidonge kimoja kidogo usiku, baadaye nikafika 25. Tofauti hiyo ya dozi ilinisaidia sana kujibu watu, kwa sababu watu walikuja.

Alianza mwalimu mwenzangu, rafiki kabisa, aliyekiona kipakti kwenye mkoba wangu nikitafuta kalamu nyekundu. Akakisoma jina, akakigeuza, akashusha sauti: "Hizi si wanapewa wa Lutindi?" Kwa msomaji wa mbali: Lutindi ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko milima hii hii ya Usambara, upande wa Korogwe. Kwingine nchini wangesema Mirembe. Nikamwambia ndiyo, hata Lutindi wanaweza kuitoa, kama wanavyotoa parasetamoli na uji. Akacheka, lakini wiki ile nzima nilikuwa naulizwa habari za nyumbani kwa upole usio wa kawaida. Mtu mmoja alinishikia kipindi bila kuombwa. Nilikubali kipindi.

Tazama basi tunavyotendewa na karatasi hizi mbili. Ya kwanza ilinifanya mgonjwa wa presha, na mama akawa ananipunguzia chumvi. Ya pili ilinifanya mgonjwa wa akili, na ofisi ikawa inanipunguzia vipindi. Presha inahurumiwa, sonona inanong'onwa. Nina hakika kuna watu wanaoacha dozi kwa sababu hiyo tu, na nadhani wauguzi wanaotoa dawa wangetenga dakika moja ya kusema "hii utaona imeandikwa hivi, lakini wewe unapewa kwa ajili ya hivi." Dakika moja. Ingeniokolea chumvi yangu.

Tabia zake ni hizi. Wiki za mwanzo, asubuhi ilikuwa ukungu mtupu. Paredi yetu ni saa moja na nusu, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Nilisimama mbele ya wanafunzi nikiwa nimeamka kuanzia shingo kushuka chini. Daktari akanielekeza nisiimeze wakati wa kulala, niimeze mapema, saa mbili usiku, ili asubuhi inikute imepungua. Ilisaidia. Inakaa mwilini muda mrefu kuliko propranololi, ndiyo maana mara moja kwa siku inatosha. Kinywa kinakauka, na kwa mtu anayeishi kwa kuongea kwenye vumbi la chaki, hilo si jambo dogo: natembea na chupa ya maji darasani, na wanafunzi wameipa jina ambalo najifanya silijui. Choo kinakuwa kigumu, ila hapa Lushoto mtu akikosa mboga na matunda ni mvivu tu. Uzito nao umeongezeka. Saa tatu usiku inanijia hamu ya chapati isiyo na maelezo. Fundi cherehani wangu ameshaachia gauni mbili bila kusema neno, na kimya chake nimekihesabu kama salamu.

Lakini kile kilemba cha hasira kimefunguliwa. Nalala. Kipandauso kinakuja mara chache kuliko hata wakati wa propranololi, na mikono yangu ni ya moto. Ngazi za shule napanda nikiongea.

Na hii nayo ina milango iliyofungwa. Mwenye presha ya jicho ya aina fulani, mzee mwenye tezi dume anayekojoa kwa shida, aliyepata shambulio la moyo karibuni, hao wote hawapewi hivi hivi. Haichanganywi na pombe. Haichanganywi na tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, bila daktari kujua, kwa kuwa pamoja zinaweza kuleta degedege na kuujaza mwili serotonini kupita kiasi, na tunajua tramadoli ilivyozagaa mitaani. Zote mbili, hii na propranololi, zikimezwa nyingi kwa mara moja zinaweza kusimamisha moyo. Mwenye mtoto mdogo ndani aziweke juu, pafungwe. Vidonge vya amitriptilini ni vidogo, vina rangi, vinafanana na pipi.

Sasa mdogo wangu. Huyu ndiye anayenifanya nisikubali swali la "ipi kali". Anaendesha bodaboda Mombo, anapanda na abiria kona zile za Soni mpaka huku juu na kushuka tena, kilomita thelathini na kitu za mizunguko. Kipandauso anacho. Mpe yeye amitriptilini na zile asubuhi za ukungu, umeshamzika. Yeye yuko kwenye propranololi na ameridhika nayo: Mombo ni joto, mikono ya baridi kwake ni anasa, kifua chake kizima, mlima anaupanda kwa injini. Dawa iliyonishinda mimi ndiyo inayomlisha. Tumezaliwa tumbo moja.

Kwa bei sina la kulalamika. Zote mbili ni za zamani, hakimiliki zake zilikwisha siku nyingi, zinatengenezwa na viwanda vingi, na ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye orodha hiyo, kinyume na karatasi ya mama, propranololi imewekwa waziwazi kwenye sehemu ya kipandauso. Ni za cheti, na ziwe za cheti. Famasi moja niliyoingia nikiwa safarini walitaka kuniuzia bila kuuliza hata kama nina pumu. Huko nchi tajiri wana sindano mpya za kipandauso, ya kwanza ikiitwa erenumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, zilizobuniwa kwa ajili ya ugonjwa huu na si kuazimwa kwenye moyo au sonona. Bei zake nikizisoma kichwa kinaanza.

Kwa wanawake nina mawili, na hapa sifanyi mzaha. Ukiandikiwa valproati, dawa ya kifafa, kwa ajili ya kipandauso, na una umri wa kuzaa, uliza maswali mpaka muelewane: inadhuru sana mtoto tumboni, na kwa kipandauso kuna njia nyingine. Na ukiwa na ule mstari wa msumeno kama wangu, mwambie anayekupa uzazi wa mpango, kwa maana vidonge vyenye estrojeni vinaongeza hatari ya kiharusi kwa watu wa aina yetu. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nililisema mwenyewe, nikabadilishiwa. Kama unapanga mimba, hata hizi dawa mbili ninazozilinganisha zinahitaji mazungumzo kwanza. Na kichwa kilichokuja ghafla kwa kishindo usichowahi kukisikia, au kilichokuja na homa na shingo ngumu, au na upande mmoja wa mwili kulegea, au mimba ikiwa kubwa na miguu imevimba, hicho usikitafutie kauntabuku. Hicho ni cha kukodi gari usiku huo huo.

Kwa sasa niko kwenye miligramu 25. Majuma ya mitihani ya mwisho wa muhula kilemba hujaribu kurudi, na daktari anafikiria kupandisha kidogo, ila amesema kwa umri wangu anataka kwanza kuona mchoro wa umeme wa moyo, kwa kuwa dozi ikipanda dawa hii huweza kuchelewesha mawimbi yake. Nitateremka Tanga likizo ya Juni kwa kipimo hicho. Dada amesema nifikie kwake, na ameniomba nije na kauntabuku; naye sasa ameanzishiwa amitriptilini ya 10, na anataka kuona safu nilizichoraje.